Koti Lililotumwa kwa Nanyama

Milcah hakuwa mwanamke wa wivu. Ungemuuliza mwenyewe angekujibu hivyo hivyo, mkono kiunoni: "Mimi? Wivu? Wivu wa nini?" Kisha angekutajia kwa majina wanawake wote waliowahi kumtupia mumewe jicho tangu walipohamia Karen, akianza na yaya wa nyumba ya pili na kumalizia na memsahibu mwenyewe, ambaye siku moja alimsifu Oloo kwa keki yake akamshika bega. Bega la kushoto. Milcah alilikumbuka bega lenyewe.

Mume aliyekuwa akilindwa namna hii, Zedekiah Oloo, alikuwa mpishi, mfupi, mpole, mwenye kitambi cha kuonja michuzi, na mtu wa kulifikiria neno hata wakati wa kulisema ukampita. Sisemi alikuwa na sura mbaya. Nasema tu kwamba Nairobi nzima, kutoka mjini hadi Dagoretti, simjui mwanamke mwingine aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini mwambie Milcah hayo uone utakavyofukuzwa mlangoni.

Hata hivyo, tumtendee haki. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye Milcah alikuwa na sababu ya kumwogopa, na huyo hakuwa Nairobi. Aliitwa Nanyama, mjane wa Were, kaka mkubwa wa Oloo. Were alifariki mwaka uliotangulia huko kwao Ugenya, akaacha watoto watatu na shamba kando ya mto. Nanyama alikuwa binti wa Kibukusu, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya katikati ya meno ya juu. Milcah alikuwa amemwona mara mbili tu maishani, siku ya harusi yake mwenyewe na siku ya mazishi ya Were, lakini mwanya huo angeweza kukuchorea mchangani.

Kwa mila za huko kwao, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na ndugu aliyebaki alikuwa mmoja tu. Matanga hayajaisha, wazee wakamwita Oloo pembeni, wakanong'ona naye. Milcah aliwaona. Walipokuwa wakirudi Nairobi, ndani ya behewa la daraja la tatu, abiria wote wakitazama, alimtolea mumewe Biblia akamwapisha: hatalala nyumbani kwa Nanyama hata siku moja, na Milcah atabaki mke wake peke yake. Oloo aliapa. Milcah akaongeza sheria yake mwenyewe, kwamba jina la yule mwanamke lisitamkwe chumbani mwao. Na kweli, miezi minane halikutamkwa.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na saba, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Oloo alitoka jikoni kwa memsahibu akashuka hadi kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya bustani, mkononi ana karatasi ya posta. Ilikuwa ya Kizungu, na Kizungu kilimshinda. Milcah alikuwa amelelewa na wamisheni tangu alipofiwa na wazazi akiwa na miaka mitano, akakisoma kama maji. Barua zote za Oloo alizisoma yeye na kuzijibu yeye. Hata zile herufi chache alizozijua Oloo, kubwa kubwa, zimelala upande, alifunzwa na mkewe, jioni baada ya jioni, kwenye meza ya kupigia pasi.

"Hii imekuja," alisema Oloo. "Nisomee, Mama Phoebe." Kisha akageuka kutazama mvua, kana kwamba hajapata kuona mvua.

Milcah alisoma kimya. Kifurushi cha rejista kilichotumwa na Z. Oloo kilikuwa kimepata ajali ya maji. Gari la barua lilikwama mtoni, mifuko ikalowa, na kifurushi kikarudishwa Nairobi kwa sababu karatasi yake ya nje ilikuwa imechanika. Mtumaji alitakiwa ajaze fomu ya madai. Kipande cha ile karatasi ya nje kilikuwa kimebanwa hapo kwa pini, na juu yake jina la mpokeaji, kwa herufi kubwa kubwa zilizolala upande.

Ndugu yangu, mtu akikuibia kuku utapiga yowe, majirani watakuja, mtaulizana, yataisha. Lakini mtu umfundishe kushika kalamu kwa mkono wako, umsifu, umfutie makosa, halafu neno la kwanza analoandika bila wewe liwe jina la mwanamke mwingine! Tena hakukosea hata herufi moja. Jina la Milcah mpaka siku ile alikuwa bado akiliruka herufi.

"Nanyama," alisema Milcah.

Oloo aliendelea kutazama mvua.

"Nimelitamka mimi. Sheria nimeivunja mimi. Haya, ulimtumia nini?"

"Milcah, ngoja nikueleze kwanza..."

"Usinieleze! Posta haikuuliza maelezo, posta inataka orodha." Alivuta kiti, akaichukua kalamu yake, akaichovya wino kwa nguvu hata meza ikapata madoa. "Hapa wanasema kila kilichokuwamo na thamani yake. Taja."

Oloo alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia yake ya upishi magotini. Phoebe, binti yao wa miaka minne, alikuwa amelala nyuma yake.

"Sukari," alisema. "Ratili mbili."

"Sukari. Na hapa chai tunainywa chungu. Endelea."

"Majani ya chai, pakiti moja."

"Bila shaka. Sukari haitafunwi kavu."

"Kitambaa cha kichwa."

Kalamu ilisimama. "Rangi gani?"

"Fomu inauliza rangi?"

"Inauliza." Haikuuliza.

"Nyekundu."

"Mimi hujapata kuninunulia chekundu!"

"Si ulisema nyekundu ni ya walevi?"

"Nilisema!" alifoka Milcah, akaandika kitambaa, chekundu, akalipigia neno chekundu mstari mara mbili, ingawa posta haikuwa na haja nalo. "Kingine."

Hapo Oloo alijikuna kichwa muda mrefu. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mabati.

"Koti," alisema.

"Koti la nani?"

"Langu."

Oloo alikuwa na koti moja tu duniani. Jeusi, la vifungo vitatu, lenye bitana nyeupe, alilovaa siku Milcah alipoingia kanisani akiwa mchumba na kutoka mke. Milcah ndiye aliyelipiga brashi kila Jumamosi. Wiki tatu sasa alikuwa akiambiwa liko kwa fundi, linatengenezwa mfuko.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Alielewa yote kwa mara moja, au aliona ameelewa, na mtu mwenye wivu haoni tofauti. Mwanamume hahami siku moja. Leo hupeleka koti, kesho viatu, kesho kutwa anafuata mwenyewe, na wewe uliyebaki unaambiwa alikwenda kuwasalimu watoto wa marehemu. Alimwona yule mwanamke mrefu akilipokea koti lile, akilinusa kolani, akicheka na mwanya wake.

"Koti la harusi yangu," alisema polepole. "Unamtumia mjane nguo yako ya mwilini."

"Si hivyo unavyodhani. Wazee walisema..."

"Wazee! Kumbe na wazee wamo!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Oloo, neno moja zaidi na hii karatasi naichana vipande, uipeleke posta ukiwa umeibeba kwenye karai!"

Oloo akafunga mdomo. Nami nawaambieni, laiti yule bwana angekuwa mtu wa kupiga meza ngumi hata siku moja tu maishani mwake, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini Oloo alikuwa Oloo. Aliinama, akakiinua kiti, akakirudisha mahali pake.

Milcah akakaa tena. Chini ya fomu palibaki swali moja, akalisoma kwa sauti: "Wanauliza, mtumaji anataka vitu vikaushwe, vifungwe upya na kupelekwa kwa mpokeaji, au anaviacha na kulipwa fidia?"

"Vipelekwe," alisema Oloo.

Alisema haraka. Haraka! Mtu ambaye sokoni husimama nusu saa akichagua kitunguu.

"Vipelekwe upesi, Mama Phoebe, mvua zisije zikaendelea. Nakuomba. Kesho memsahibu ana wageni kumi na wawili, siwezi kutoka. Nenda wewe."

"Tia sahihi hapa," alisema Milcah.

Oloo aliinama, ulimi nje, akaandika jina lake. Mahali pa kuchagua, juu tu ya sahihi, palikuwa bado peupe. Hakuuliza. Hajawahi kumuuliza mkewe jambo lolote lililohusu karatasi.

Kesho yake Milcah alishuka basi mjini viatu vikiwa vimelowa, akavuka Barabara ya Delamere, askari akamwangalia pasi yake ya kuingilia mjini, akaingia katika ofisi iliyoshughulikia vifurushi vilivyoharibika. Alimkuta karani wa Kikamba aitwaye Mutiso, mwembamba, penseli nyuma ya sikio, mbele yake daftari kubwa alilolishika kwa heshima ambayo watu wengine humpa mkwe. Alisoma fomu, akaingia ndani, akarudi na sinia la bati.

Juu ya sinia lilikuwa koti. Sukari ilikuwa imeyeyuka yote ikalinywea, majani ya chai yameganda kwenye mikono, na sisimizi wawili watatu walikuwa wakitembea kolani bila haraka. Lakini Milcah hakuona sisimizi. Aliona bitana. Kile kitambaa chekundu kilikuwa kimechuja rangi, nayo rangi imeingia katika ile bitana nyeupe, kuanzia kwapani hadi chini. Yule mwanamke hajaligusa hata kwa kidole, na tayari alikuwa ameshaacha alama ndani ya koti lake.

"Halijafa," alisema Mutiso. "Usione hivi, mama. Dobi akilipiga maji mara mbili litavalika. Tumewahi kupeleka vibaya kuliko hili. Naona hapa hamkuchagua. Lipelekwe?"

"Nikirudi nalo nyumbani je?"

"Kurudisha kwa mtumaji kuna fomu nyingine, na lazima aje mtumaji mwenyewe."

Milcah alifikiri. Akija Oloo mwenyewe, atasema lipelekwe, tena haraka. Likipelekwa, litaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa Nanyama, na mwenyewe atalifuata. Alinyoosha mkono akaligusa kolani, akaona vidole vinanata. Alitaka kulia. Alitaka pia kulichana kwa meno.

"Tulipwe fidia," alisema.

"Mume amekubali?"

"Sahihi yake si unaiona?"

Mutiso aliitazama sahihi, akamtazama yeye, akalamba ncha ya penseli. Alikuwa mtu mwangalifu. "Mama, ukitia alama hapa, koti si lenu tena. Ni la posta."

"Afadhali la posta," alisema Milcah, akatia alama.

Alirudi Karen na noti mfukoni na moyo mwepesi, mwepesi kupita kiasi. Pesa alizificha ndani ya mkebe wa vifungo chini ya kitanda, akingojea siku nzuri ya kumtupia Oloo usoni. Oloo alishuka jioni, harufu ya nyama ya kuokwa imemjaa nguoni.

"Tayari?"

"Tayari."

Oloo alishusha pumzi ndefu, akakaa. "Umenitua mzigo, Mama Phoebe. Mungu akubariki." Na kuanzia siku hiyo akawa anaimba. Mtu ambaye hakuimba hata kanisani, akawa anakoroga mchuzi na wimbo, anamenya viazi na wimbo. Milcah akisikia wimbo ule kutoka dirisha la jikoni alikuwa akipiga pasi kwa hasira hata shuka za memsahibu zikaungua pembeni. Anamwimbia yule, alijisemea. Imba, imba. Utaimba hadi ulie.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Jumapili moja, wametoka kanisani, Oloo akaleta barua iliyofika kwenye sanduku la memsahibu tangu Ijumaa. Ilitoka Ugenya. Nanyama hakujua kuandika, kwa hiyo alimwendea mwalimu wa shule ya huko, naye mwalimu akaandika Kiswahili cha herufi nzuri.

"Isome kwa sauti," alisema Oloo, uso umechangamka.

Nitaisoma, alisema Milcah moyoni. Hii ndiyo siku yenyewe. Aliifungua kwa kisu, akasimama katikati ya chumba, akaanza kwa sauti ya pua, akimwigiza mwanamke anayejipendekeza.

"Shemeji yangu Oloo, salamu nyingi. Watoto wa kaka yako hawajambo. Nimekwenda posta mara tatu, koti halijafika. Majirani wote wamekwisha panda. Shamba langu limelala, maana wazee wameshikilia neno lao, mjane hapandi mbegu kabla nyumba yake haijapata mtu, au koti la mtu." Hapo ile sauti ya pua ilianza kumpungukia. "Nakushukuru kwa kuwabembeleza hata wakakubali koti, lile ulilosimama nalo kaburini kwa Were, litundikwe ukutani mwangu, ili mila itimie na wewe ubaki huko kwako. Mimi mume nilimzika. Sitaki mwingine, wala wewe sikutaki, usinielewe vibaya."

Milcah aliishusha karatasi.

"Endelea," alisema Oloo.

"Mwambie dada yangu Milcah..." Alirudi mwanzo wa mstari. "Mwambie dada yangu Milcah kwamba namwombea kila ninapopiga magoti. Umeniambia amekubali mwenyewe kutoa koti la harusi yake. Mwanamke wa kutoa koti la harusi yake ili mjane alale peke yake kwa amani, huyo mimi sijapata kumwona. Lakini sasa wazee wamekasirika. Wanasema koti lisipofika kabla mwezi huu haujaisha, basi aje mwenye koti, alale hapa, niwe mke wake kama mila inavyotaka. Shemeji, lifuatilie koti hilo."

Mambo haya ya koti, mtoto yeyote wa Ugenya aliyekua miguuni pa bibi yake angeyajua. Milcah alikua katika bweni la wamisheni. Mila alizijua kwa kusikia tu, na alizisikia kutoka kwa watu waliokuwa wakizikemea. Kurithiwa alikujua. Habari ya koti kukaa mahali pa mwanamume hakuna aliyemwambia, na mmoja aliyejaribu alikuwa ametishiwa kuchaniwa karatasi.

"Milcah," alisema Oloo, "koti lilipelekwa lini?"

Milcah aliikunja barua.

"Si uliandika lipelekwe?"

"Ulimwambia nimekubali!" Milcah alipata pa kushika. "Ulimdanganya mjane wa watu, kwa jina langu!"

"Nilidanganya, kwa kinywa cha mtu wa kwetu niliyemtuma kwake na kwa wazee. Bila hivyo asingelipokea. Yule si mwanamke wa kuchukua kitu cha mwenzake. Nikasema moyoni, likishafika, nitakueleza yote, na wewe utanicheka."

"Na mbona hukuniambia, Oloo? Mbona hukuniambia?"

"Nilianza," alisema Oloo. "Mara mbili."

Na ilikuwa kweli. Milcah alipiga magoti, akavuta mkebe chini ya kitanda, akamwaga vifungo na noti juu ya shuka. Oloo alizitazama zile noti. Hakuzigusa, hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu, maana Milcah kelele alizijua, angejua pa kuzijibia. Oloo alitoka nje akasimama chini ya ukingo wa paa.

Jumatatu, ofisi haijafunguliwa, Milcah alikuwa mlangoni. Mutiso alipofika na mwavuli wake alimkuta amezishika noti mkononi, zimekunjamana.

"Zichukue. Nirudishie koti."

Mutiso alimkalisha, akafungua daftari, akateremsha kidole polepole. Kidole kikasimama. "Vitu vyenye wadudu hatuviweki, mama. Vilichomwa. Ijumaa ya wiki ile ile uliyokuja."

"Angalia tena."

"Nimeandika mwenyewe."

"Basi chukua pesa hizi, andika humo kwamba nilikosea! Andika kwamba sikujua!"

"Mama," alisema Mutiso kwa upole, "daftari langu lina safu ya kupokea na safu ya kulipa. Safu ya kujuta hawakunichorea." Alipoona machozi yake alijuta kusema hivyo, akamletea maji katika kikombe chake mwenyewe. Milcah hakuyanywa.

Njia yote ya kurudi alikuwa akipanga. Aliposhuka basi alikwenda moja kwa moja mlango wa jikoni, ambako Oloo alikuwa akichambua mchele.

"Tununue jingine," alisema. "Jeusi, la vifungo vitatu, kuukuu. Wahindi wa mjini wanayo tele. Tulipeleke kesho."

"Wazee walilishika lile kwa mikono yao siku ya mazishi," alisema Oloo. "Nikiwapelekea jingine watasema nimewafanyia mchezo, na watakaotaabika ni watoto wa Were."

"Waombe tena."

"Nimekwisha waomba. Koti ndilo nililopewa nilipoomba."

"Basi usiende! Uliapa, Oloo! Mkono juu ya Biblia uliapa!"

"Niliapa," alisema Oloo, macho yake kwenye mchele. "Ndiyo sababu nikatafuta koti." Akaokota jiwe, akalitupa. "Lakini watoto watatu, Milcah. Mvua hii wasipopanda, watakula nini mpaka mwaka ujao? Mama yao amengoja kiasi cha kungoja."

Milcah aliegemea mlango. Aliiona nyumba ile ya Ugenya, mlango, kitanda, na Oloo akivua viatu vyake, akivipanga pamoja kama anavyovipanga hapa. Wivu ulimpanda, ule ule wa zamani, wala haukupungua hata chembe kwa kujua ukweli. Ila safari hii alipomtafuta yule mwanamke mrefu mwenye mwanya apate kumchukia, alimkuta amepiga magoti anamwombea. Hakuna wivu mchungu kama ule unaokosa mtu wa kumlaumu isipokuwa mwenye nao.

Jioni ile, Oloo alipomaliza kazi, alikaa mezani mkabala naye. Memsahibu alikuwa amempa likizo ya wiki mbili.

"Andika," alisema. "Wewe ndiye unayejua kuandika vizuri."

"Si unajua siku hizi? Si uliandika mwenyewe?" Lilimtoka bila kupenda. Ni ugonjwa ule.

"Mwandiko wangu ulilowa," alisema Oloo. "Andika, Mama Phoebe."

Milcah aliichovya kalamu.

"Shemeji Nanyama. Koti limeteketea. Nakuja mwenyewe kwa gari moshi la Ijumaa. Waambie wazee. Tayarisha mbegu."

Aliandika mpaka pale pa nakuja, mkono ukasimama. Lilikuwa neno moja tu. Angeandika sitakuja, na Nanyama angesomewa sitakuja, na wazee wangetema mate na kutafuta mtu mwingine wa ukoo. Aliinua macho. Oloo alikuwa akimtazama Phoebe aliyelala. Hata hakuiangalia karatasi. Baada ya yote yale, alikuwa bado anamwamini na karatasi.

Milcah akaandika nakuja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwishoni tia, Milcah anakusalimu."

Akatia, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, herufi zote zimesimama wima. Asubuhi akaipeleka mwenyewe, akailipia rejista ili isipotee. Haikupotea wala haikulowa. Siku ya tatu ilikuwa mikononi mwa Nanyama.